Makuti Juu ya Bati

Keki mliyonikatia siku ya kuniaga ilikuwa na mnazi wa sukari uliopinda, na chini yake kibanda cha makuti cha chokoleti. Nilikula kibanda kwanza. Njoki akasema, "Aunty Tatu, usiende hivyo tu, tuandikie kitu, wewe ndiye unaijua hii kazi," na wengine mkapiga makofi huku mnatazama simu zenu. Basi naandika. Niko chumbani kwangu mtaa wa Al Baraha, masanduku mawili yamefungika, la tatu linakataa, na visa yangu inakaribia kuisha. Ya vyeo sitaandika, na ya mishahara mnayajua, maana ndiyo mnayolalamikia kila siku. Nitaandika habari za mapaa.

Nilikuja Dubai nikitokea kisiwa kidogo jirani na Mafia, kidogo kiasi kwamba hata watu wa Mafia wanatucheka kuwa sisi ni washamba. Nililetwa kupika chai na kufagia ofisi yetu hii ya safari, wakati huo ikiwa Deira, juu ya duka la mabegi. Nililala Al Qusais, chumba kimoja na Watanzania wenzangu na Mganda mmoja aliyekuwa mlinzi, na humo nikakuta desturi ambayo hakuna aliyeniambia kabla. Mtu akipokea mshahara wa kwanza haulizwi amenunua nini. Anaulizwa, "Umeezeka?" Yaani, umeshamtoa mama yako chini ya makuti? Aliyeezeka alitembea kifua mbele. Ambaye hajaezeka aliosha vyombo vya wote. Mshahara wangu wa kwanza ulikwenda wote kwenye bati la nyumba ya mama. Mama yangu, ambaye maisha yake yote alishona makuti akiuza, huku paa lake mwenyewe likivuja, alinipigia simu analia kwamba mvua imenyesha hadi asubuhi na hakuamka hata mara moja kusogeza kitanda. Sijawahi kupata furaha kubwa kuliko ile, na nikiikumbuka bado naifurahia.

Aliyenitoa kwenye birika ni Bi Zuwena. Nyinyi mliokuja juzi hamkumkuta. Alikuwa mwanamke wa Kiunguja, aliletwa Dubai na wazazi wake akiwa mtoto, akazeekea hapa bila kubadilisha hata neno moja la kwao. Kazi yake ilikuwa kukagua hoteli kabla ofisi haijaziuza. Siku moja alinikuta nasoma vijitabu vya hoteli badala ya kuvifuta vumbi, akanionyesha picha na kuniuliza ina kasoro gani. Nikamwambia minazi hiyo haijaanguliwa, mgeni ataangukiwa na nazi kichwani. Akacheka mpaka akavua miwani. "Njoo ukae hapa, mwanangu," akasema. "Chai atapika mwengine." Jinsi nilivyopanda kutoka hapo ni habari ya vyeo, na nimeshaahidi.

Vifaa vyake vyote vilienea kwenye mkoba mmoja: tochi, gololi ya kioo na kipande cha kanga kuukuu. Gololi aliiweka sakafuni. Ikibingirika yenyewe, nyumba imelala upande na milango itagoma kufunga. Kanga aliipitisha nyuma ya choo, kwa sababu mbele kila mtu husafisha. Tochi ilikuwa ya kumulika juu. "Mgeni akifika hutazama bahari," alinifundisha. "Weye tazama dari. Bahari haimvujii mtu kitandani." Alikuwa na sheria nyingine ya jikoni: kula wanachokula wafanyakazi, usile ulichoandaliwa. Nimezifuata sheria hizo mpaka nimestaafu. Gololi ninayo mimi, kwa hiyo acheni kuitafuta kwenye droo.

Visiwa vya mbali vilianza na Sir, mwenye ofisi, mtu ambaye hadi leo hajalala mahali pasipo na lifti. Mji huu ulimwaga mchanga baharini, ukajitengenezea visiwa vyake, ukavipandia mitende na minazi iliyokuja kwa lori na kuviwekea taa za rangi. Walionunua nyumba humo ndio waliokuja kwetu kulia kwamba wanataka kisiwa. Kisiwa gani tena? Kile ambacho hakijaguswa. Sir akatandaza ramani ya Karibea mezani, akaweka kidole kwenye kitone kilichofichika chote chini ya ukucha wake, na biashara ikaanza. Alitafuta visiwa visivyo na uwanja mkubwa wa ndege, na ndani yake hoteli ndogo za vyumba vichache, zinazoendeshwa na mtu na nduguze. Kisha akaficha majina ya visiwa hivyo ili washindani wasivione. Ndiyo maana hata mimi sitakitaja kisiwa nitakachokieleza hapa. Wanaoishi huko wanajua walipo.

Anayeanza kazi leo lazima ajifunze lugha ya vijitabu vyetu. Tukiandika kisiwa kina utulivu, maana yake boti haiji siku fulani za wiki na hakuna anayejua ni zipi. Tukiandika mgeni atakuwa karibu na maumbile, ajiandae kwa mbu. Huduma ya kifamilia ni pale mwenye hoteli anapokuuliza mezani kwa nini hujazaa. Na kisiwa kisichoguswa ni kile ambacho wenyeji wake wameomba zahanati miaka mingi hawajapewa. Wateja walisoma maneno hayo wakafumba macho kwa raha. Mimi niliyasoma nikakumbuka nyumbani.

Safari yangu ya kwanza ya ukaguzi nusura ifie dirishani. Afisa wa visa alipindua pasipoti yangu mara kadhaa, akaniuliza nakwenda kufanya nini huko kote.

"Kutazama minazi," nikasema.

"Kwenu hakuna minazi?"

"Ipo mingi."

"Na bahari?"

"Tumezungukwa nayo."

Alinitazama kama mtu anayetafuta magendo yamefichwa wapi. Mwishoni alinigongea muhuri, nikaenda kupanda ndege baada ya ndege, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, hadi ile ya mwisho ambayo rubani wake alitupima uzito sisi na mizigo yetu kabla ya kutugawia viti.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kuna bibi na bwana waliorudi kabla ya wakati kwa sababu jogoo wa kijiji aliwika alfajiri. Sir aliniagiza nimpigie mwenye hoteli nimwombe amnyamazishe. Mwenye hoteli akaniuliza kwa heshima kama jogoo wa Dubai wamesomea wapi. Kuna mwingine aliyetaka kujua wanakijiji huenda wapi mchana, kwa kuwa walikuwa wanaingia kwenye picha zake na kuziharibu. Nilimjibu kwamba wanakwenda kazini, akaandika chini kana kwamba nimempa habari ya ajabu. Siku hiyo niliumia, nisiwafiche, kwa sababu nilijua kuna siku mtu angeuliza swali hilohilo juu ya mama yangu.

Sasa niwaeleze kuhusu Miss Ottoline. Kule mwanamke mzima haitwi jina tupu, huwekewa Miss mbele, awe ameolewa au hajaolewa, kama sisi tunavyosema Bi. Alikuwa na hoteli ya vyumba vinane kwenye kilima kidogo juu ya ufuko. Nilipanda ngazi zake nikiwa nimechoka, nikafungua mdomo kuuliza chumba, nikakumbuka adabu ya kwetu na kusema kwanza, "Umeamkaje, mama?" Akaniitikia, akaniuliza safari, akaniuliza wa nyumbani, kisha akanipa ufunguo. Baadaye niliona mgeni mwingine akifika na kuanza na neno la siri la intaneti. Miss Ottoline alimtazama, akaendelea kumenya ndizi zake, mpaka yule bwana akatoka nje na kuingia upya na salamu. Nilijua palepale kwamba nimefika kwa watu.

Nilifanya kazi yangu. Gololi ilitulia. Kanga ilirudi safi. Nilikula jikoni na wapishi samaki wa kuchemsha na ndizi mbichi, nikaongezwa. Nilipomulika juu, nilikuta kazi ambayo sijaiona hoteli yoyote ya bei yake: bati jekundu, nene, limekazwa kwa skrubu na kufungwa kwenye boriti kwa mikanda ya chuma, kila boriti na mkanda wake. Miss Ottoline aliiona tochi yangu ikikaa juu, akasogea kulieleza mwenyewe.

"Hilo ni magoti yangu," akasema.

Alikuwa amepiga deki sakafu za hospitali katika nchi ya baridi tangu usichana hadi nywele zikawa nyeupe. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya majani, na kimbunga kiliiondoa yote akiwa huko ughaibuni. Aliporudi, kabla hajanunua kitanda wala sahani, alinunua paa. Hoteli aliijenga chini yake. Alichokiogopa duniani kilikuwa kimoja tu, akaniambia bila aibu: hoteli ikose wageni, afunge, na apande ndege kurudi kule kwenye ndoo na deki akiwa na magoti yale. Nikamwambia na mimi nilianzia kwenye fagio. Akaniletea chai yenye tangawizi bila kuombwa.

Niliandika kwamba hoteli ni nzuri kupita zote nilizokagua. Sir alifurahi. Akatuma mpiga picha na droni yake, picha zikaja, tukaitwa mezani kuzitazama kwenye skrini kubwa.

"Masha'Allah," akasema Sir. "Bahari, kilima, kila kitu. Lakini hilo paa, Tatu. Hilo bati. Linafanya kisiwa kionekane kimeharibiwa."

"Lipo kwa ajili ya vimbunga, Sir."

"Wateja wangu hawaendi wakati wa vimbunga."

"Mwenye nyumba anaishi humo wakati wote, Sir."

"Aweke makuti. Akiweka makuti, tunamjazia vyumba msimu mzima. Asipoweka, khalas, tunatafuta mwingine. Yalla, wewe nenda ukamwambie. Nyinyi watu wa visiwani mnaelewana."

Ndivyo nilivyosafirishwa kupita bara na bahari, nimebeba picha za makuti, kwenda kumshauri mwanamke abomoe magoti yake. Kabla sijaondoka nilipita kwa Bi Zuwena, aliyekuwa ameshastaafu na kuishi mtaa wa pili kutoka hapa nilipo. Alisikiliza, akatia sukari chai yake, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wenu anataka mwenyeji afe kwanza ndo mgeni aje." Hakunipa ushauri mwingine.

Miss Ottoline alizitazama picha moja moja. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Alizipanga vizuri, akanirudishia.

"Mama yako yu hai?" akaniuliza.

"Yu hai."

"Nyumba yake imeezekwa kwa nini?"

Ningeweza kusema uongo. Nimelipwa miaka mingi kupamba maneno. Nikamwambia, "Bati."

"Nani aliliweka?"

"Mimi. Mshahara wa kwanza."

"Na kabla ya hapo?"

"Makuti."

Alianza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, na mimi nikashikwa, tukacheka wote wawili mpaka mpishi akatoka kuangalia. Alipofuta machozi alikuwa ameshafanya uamuzi. Bati halitoki. Ila kama watu wa Dubai wanataka kuona majani, basi watayaona: makuti yatawekwa juu ya bati, yafungwe kwa kamba ambazo panga likipita yanaanguka yote. "Wao watalala chini ya wanachokipenda," akasema, "na mimi nitalala chini ya ninachokiamini."

Tatizo lilijitokeza kesho yake. Kisiwa kizima hapakuwa na mtu anayejua kushona makuti. Waliokuwa wanajua walikuwa wamekufa, na waliobaki walikuwa wameezeka bati kwa hela za ndugu zao wa ughaibuni, sawasawa na sisi. Walinitazama. Mimi nikatazama minazi. Kazi niliyoikimbia nikiwa binti, iliyomchubua mama yangu vidole, ilikuwa imeizunguka dunia na kunisubiri huku. Nikavua viatu, nikakaa chini uani, nikaonyesha wanawake wa kijiji jinsi ya kukunja majani juu ya ufito na kuyashona kwa ukamba, kama watoto wa kwetu wanavyojifunza kabla ya kujifunza kusoma. Tulishona, tukaimba, tukasengenya wageni. Nilimpigia mama simu kumuuliza namna ya kufunga mwisho, maana nilikuwa nimesahau.

"Uko wapi?" akauliza mama.

"Ng'ambo ya Uzunguni, mama, kwenye hoteli."

"Na wanakufanyisha makuti?"

"Ndiyo."

"Mwanangu," akasema, "si urudi tu nyumbani, makuti yapo."

Sir aliona picha mpya, akabusu vidole vyake. Kijitabu kikatoka na ukurasa mzima kuhusu ufundi wa kale wa kisiwa hicho, unaorithishwa kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Ufundi wenyewe ulikuwa haujamaliza hata mwezi tangu ushuke kwenye ndege ukitokea Al Baraha. Wageni wakaja. Wakapiga picha mafundi wa jadi, ambao walikuwa muuza duka, mwalimu wa hisabati na mke wa mchungaji. Wengine walinunua kuti dogo la kutundika sebuleni. Miss Ottoline alijaza vyumba msimu ule na uliofuata, akawa anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mimi nikafurahi kwa ajili yake waziwazi, mnakumbuka nilivyokuwa nawaonyesha picha zake.

Kisha akaja Bwana Ghorofa. Hilo ndilo jina tulilompa ofisini, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja anaishi ghorofa ya ngapi. Alikuwa mteja mkubwa, akataka kusindikizwa yeye na mkewe, nikatumwa mimi. Siku nne hakufanya lolote ila kulisifia paa. Alilala chali kwenye bembea akilitazama. Alituambia kwamba watu wa kale walijua, kwamba chuma kimemharibu binadamu, na kwamba yeye usiku anasikia majani yanapumua. Miss Ottoline aliendelea kumenya ndizi.

Siku ya tano, mchana kweupe, redio ya jikoni ilitangaza kwamba kimbunga kilichokuwa kinapita mbali kimegeuka. Kilikuja nje ya msimu wake, kwa kuwa hakikuwa kimesoma kijitabu chetu. Miss Ottoline aligonga kengele ya mlangoni, na kabla sijavaa viatu majirani walikuwa wameshafika na ngazi na mapanga. Mwalimu wa hisabati alipanda wa kwanza. Kamba zikakatwa, makuti yakaanza kuteremka kwa mafungu.

Bwana Ghorofa alikimbia kutoka kwenye bembea huku ameinua simu. "Mnafanya nini? Acheni! Huo ni urithi wenu!"

"Sogea, bwana," akasema mke wa mchungaji kutoka juu, "urithi usikuangukie."

Alishika ngazi. Ndiyo, alishika ngazi ambayo mwanamke mwenye panga alikuwa juu yake, akitaka kuokoa utamaduni. Ikabidi nimtoe mkono kidole kimoja kimoja, nikimwita sir kwa kila kidole. Alipoinua macho akaona wekundu unaojitokeza chini ya majani, mkanda kwa mkanda, skrubu kwa skrubu. Mdomo wake ulibaki wazi. Sijui kama aliuogopa upepo zaidi au alichokiona pale.

Tuliingia wote ndani, wageni, wapishi, majirani wenye nyumba dhaifu na kuku wao. Upepo ulipofika niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na sioni haya kusema. Banda la makuti ambalo ofisi yetu ililazimisha lijengwe ufukweni, lile la kwenye jalada la kijitabu, liliondoka zima. Miti ilivunjika. Paa lililia, likavutana na mikanda yake, na halikwenda popote. Miss Ottoline alikaa katikati ya chumba cha kulia, mikono mapajani, akilitazama juu muda wote. Kulipotulia, sakafu ilikuwa kavu na tulikuwa wote wazima, hata mkewe Bwana Ghorofa alimkumbatia Miss Ottoline akilia. Bwana Ghorofa mwenyewe alikuwa anapiga picha dari.

Zile picha alizileta ofisini. Njoki, wewe ulikuwepo, ndiyo ilikuwa wiki yako ya kwanza. Alizimwaga kwenye meza ya Sir akasema ametapeliwa. Alilipia makuti, akalazwa chini ya bati. Uliniegemea ukaninong'oneza, "Aki Aunty, si hiyo bati ndiyo ilimsave?" Nikakukanyaga mguu, nikakosea, ulipaswa kusema kwa sauti. Sir hakubishana na mteja, hajawahi. Alimwomba radhi, akampa safari nyingine kwa nusu bei, akanigeukia.

"Mwambie atoe bati. Makuti halisi tu. Vinginevyo khalas."

Nikampigia Miss Ottoline. Nilimweleza kama nilivyoambiwa, neno kwa neno, kwa sababu alistahili kusikia ilivyo. Nilisikia kisu chake kikiendelea na ndizi.

"Umeniambia anachotaka yeye," akasema. "Wewe je?"

"Mimi nataka ukae pakavu, Miss Ottoline."

"Basi mwambie bosi wako nashukuru kwa misimu miwili. Magoti yangu hayauzwi."

Tukamtoa kwenye kijitabu. Miezi ile nililala vibaya, nikimwona na ndoo yake kwenye korido ya hospitali ya baridi. Hakurudi huko. Alilipaka bati rangi upya, jekundu la kuumiza macho, na watu wa kisiwa chake walioko ughaibuni wakalisikia: madereva, wauguzi, wapiga deki wenzake wa zamani. Hao ndio wageni wake sasa. Wanakuja likizo, wanasalimia kabla ya kuuliza, na wanataka kulala pakavu. Hajazi kama tulivyomjazia sisi. Anaishi.

Nilidhani hiyo ndiyo ingekuwa hadithi ya mwisho ya kuwaachia. Lakini wiki yangu ya mwisho kazini, baada ya keki, Sir alituita tena kwenye skrini kubwa. Mlikuwepo nyote. Alisema amepata kisiwa kipya, kwamba Karibea imechoka, kila mtu ameshaigusa, sasa wateja wanataka Afrika Mashariki. Picha ya droni ikafunguka. Niliona mkondo wa maji, msitu wa mikoko, minazi isiyoanguliwa, njia nyeupe ya mchanga kutoka msikitini. Na katikati ya minazi paa moja la bati, limepauka, linang'aa juani kiasi cha kuharibu picha.

"Safi kabisa, hakijaguswa," akasema Sir. "Lakini mnaliona hilo bati? Tatu, wewe unajua kuongea na watu wa namna hii. Mwenye nyumba ile ni nani?"

Mlidhani nimekaa kimya kwa sababu ya uzee. Nilikuwa namtafuta mama, maana saa kama ile hukaa nje, na kweli alikuwepo, kitone cheusi mlangoni, amekinga macho kwa mkono anatazama kitu kinacholia angani.

"Namjua, Sir," nikasema. "Hauzi."

"Kila mtu anauza. Basi nitawatuma hawa vijana."

Hiyo basi ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Mtatumwa, na visa yenu mnaihitaji, najua mtakuja. Mtapewa picha za makuti mzibebe. Mkishuka kwenye boti fuateni njia nyeupe ya mchanga, msiulize mtu neno la intaneti. Pigeni hodi. Mama yangu hasikii vizuri, kwa hiyo shikamoo iwe ya sauti. Nitakuwa nimekaa barazani, na chai itakuwa tayari, maana hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kwanza. Kabla hamjafungua mdomo kunieleza mlichotumwa, fanyeni kama Bi Zuwena alivyonifundisha: tazameni juu. Kisha kaeni tunywe chai, kwa sababu halitoki.